Nyumba ya Mkomani na wakala wa marehemu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Baba yetu amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, naye ameacha nyumba Mkomani, Lamu, yenye duka la kupangisha chini. Wakati wa uhai wake alimpa ami, yaani ndugu yake, hati ya wakala ya kusimamia na hata kuuza, na sasa ami amepata mnunuzi. Mama yuko Lamu. Mimi niko Toronto na kaka zangu wawili wako Dubai. Je, hati ile yatosha, au yatupasa sote kusafiri?

Waaleikum salaam dada yetu, na poleni sana kwa msiba. Hati hiyo haitoshi. Wakala humtendea mtu aliye hai, kwa hiyo uwezo wa ami ulikoma pale pale baba alipofariki, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Akiuza leo anauza mali ya warithi, na Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inahesabu kuwa ni kosa la jinai kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka. Nakuomba umpigie simu leo, kabla hajapokea arubuni, yaani malipo ya awali ya mnunuzi.

Kwa kuwa nyote ni Waislamu, mnaweza kwenda kwa Kadhi wa Lamu, awatambue warithi na kuwagawia mafungu yao. Hamlazimiki kusafiri: kila mmoja wenu aliye nje aandike hati mpya ya wakala kwa jina lake mwenyewe, aitie saini mbele ya mthibitishaji wa hati huko aliko, kisha isajiliwe Kenya.

Kabla ya kugawa hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, yaani sehemu moja kwa tatu ya kilichobaki. Hapo kwenye madeni ndipo watu wengi husahau mahari ya mama: ikiwa baba hakuyamaliza, hilo ni deni lake, nalo analipwa mama kwanza, mbali na fungu lake la urithi. Kinachobaki, ikiwa wazazi wa marehemu walitangulia, kigawanywe mafungu 40: mama 5, ambayo ndiyo thumni yake (moja ya nane), kaka zako 14 kila mmoja, nawe 7.

Mpangaji wa duka hafukuzwi kwa sababu ya kifo. Mkataba wake sasa ni wenu: kodi ya tangu siku ile ni ya warithi wote, na amana aliyoweka kwa baba mtamrudishia ninyi kutoka katika mali hiyo.

Jambo moja zaidi, nalo ndilo linaloweza kuwachelewesha. Mwambie ami aangalie hati ya nyumba imeandikwa jina la nani. Ikiwa ingali kwa jina la babu, mirathi ya babu ndiyo itakayoanza, na shangazi zenu, au warithi wao ikiwa walifariki baada ya babu, watakuwa na haki humo kabla ya ninyi kugawana lolote.