Fildi ya sheria: kampuni kubwa Dar, wakili wa peke yake Morogoro, au mahakamani?

mtarajiwa_moro

Wasomi, heshima zenu. Niko mwaka wa pili shahada ya sheria, chuo kipo Morogoro, na fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, inaanza mara tu mitihani ikiisha. Kuna milango mitatu iliyo wazi na natakiwa kujibu wiki hii.

Wa kwanza ni kampuni kubwa ya mawakili Dar. Wateja wake ni mabenki na makampuni ya madini. Posho hakuna, ila shangazi yangu anakaa Mbagala na amekubali kunipokea. Wa pili ni ofisi ya wakili mmoja hapa hapa Morogoro, yeye na karani wake basi, wanahangaika na ardhi, mirathi na migogoro ya kazi. Wa tatu ni Mahakama ya Wilaya, ambako wanafunzi hupangwa masijala, yaani ofisi ya majalada, na wengine kukaa karibu na hakimu.

Wenzangu darasani wanasema nikiiacha ile ya Dar nitakuwa nimechezea bahati. Mimi ndoto yangu ni kusimama mahakamani. Naomba waliopita njia hizi wanilinganishie, hasa mwanafunzi anapewa kitu gani mkononi.

---

MamaShauri

Mdogo wangu, mimi ni wakili, naendesha ofisi ndogo mkoani na kila mwaka napokea wanafunzi. Kwa hiyo jua kabisa naegemea wapi.

Faida ya ofisi ndogo ni kuliona shauri likizaliwa. Mama anaingia na mfuko wa nailoni wenye makaratasi: hati ya mauziano iliyoandikiwa serikali ya kijiji, risiti mbili, barua ya mwenyekiti. Anaanza kusimulia katikati, anarudi nyuma, analia, anaendelea. Kitabuni hukuta ukweli umeshapangwa, "A alimuuzia B". Hapa kazi ya kumtafuta A ni yako. Nani aliuza, lini, mbele ya nani, mke alikubali? Mwanafunzi anayekaa pembeni akaandika maelezo ya mteja vizuri amenisaidia kuliko anayejua kesi rejea hamsini kwa kichwa.

Halafu inakuja hesabu ya muda wa mwisho wa kufungua shauri, yaani ukomo. Madai ya kurejesha ardhi ni miaka 12, ya mkataba ni 6. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Darasani hizi ni namba za kukariri. Ofisini unamkuta baba wa watu amekuja mwezi wa tatu tangu aachishwe, kwa sababu alikuwa anasubiri bosi apoe hasira, na sasa kabla ya lolote inabidi kuandaa maombi ya kuongezewa muda na kueleza sababu za kuchelewa. Ukishaandika rasimu ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi anayoyaapia, cha mtu huyo hutaisahau sheria ya ukomo maisha yako yote.

Na kwenye viapo hapo hapo: jifunze jurati, ile sehemu ya mwisho anapothibitisha aliyemwapisha mtu. Lazima ionyeshe mahali na tarehe kiapo kilipoapwa. Watu wameona maombi yao yakipigwa pingamizi la awali kwa mstari huo mmoja. Mwanafunzi wangu kazi yake ya kwanza huwa ni kukagua jurati za ofisi nzima.

Ubaya nao upo. Wakili wa peke yake akiwa na vikao Dar au Dodoma unaweza kukaa siku nzima na karani mkipokea simu. Na akiwa hana moyo wa kufundisha, umeisha, maana hakuna wakili mwingine wa kumkimbilia.

---

Dawati_Makampuni

Naheshimu aliyosema dada MamaShauri, lakini kampuni kubwa zinahukumiwa na watu ambao hawajakaa ndani yake.

Nilifanya fildi kwenye moja na sasa nafanya kazi upande huo. Ni kweli mahakamani utaenda mara chache. Utakachofanya ni kusoma, na kusoma, na kusoma. Benki inataka kukopesha kampuni, basi mnakagua kila kitu: kampuni ipo hai BRELA, wakala wa usajili wa makampuni, wakurugenzi ni hao hao waliosaini, ritani za mwaka zimewasilishwa, kiwanja kinachowekwa dhamana hakina rehani nyingine wala zuio. Mwanafunzi hupewa rundo la mikataba aandike muhtasari: nani anadaiwa nini, mkataba unavunjwaje, mgogoro unapelekwa wapi. Ukikosea kifungu kimoja wakili wa juu yako anakurudishia kwa kalamu nyekundu na anakuambia kwa nini.

Hiyo kalamu nyekundu ndiyo mtaji. Chuoni unapewa alama na maisha yanaendelea. Pale rasimu inarudi mara tatu, mara nne, mpaka sentensi ikae.

Halafu ipo mifano hai. Mkataba mzuri kabisa haujalipiwa ushuru wa stempu, siku ya mgogoro mahakama haiupokei kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu. Anayetaka kusimama mahakamani anahitaji kuijua hiyo kuliko mtu yeyote, kwa sababu yeye ndiye atakayeaibika mbele ya jaji.

Tatizo la kweli la kampuni kubwa ni wingi wa wanafunzi. Mkiwa wengi na hakuna aliyepangiwa kukusimamia, utapiga fotokopi na kupanga majalada hadi uondoke. Uliza jina la msimamizi wako kabla hujafika. Wakikujibu "tutaangalia ukija", jibu umeshapata.

---

mzee_masijala

Mwanangu, mimi nimestaafu, utumishi wangu wote ulikuwa mahakamani. Wanafunzi wamepita wengi mikononi mwangu.

Mahakama inakupa kitu kimoja ambacho ofisi ya wakili haiwezi: unawaona mawakili wengi asubuhi moja. Huyu amejiandaa, huyu anaomba ahirisho kwa sababu hajasoma jalada, huyu anamhoji shahidi maswali kumi wakati mawili yangetosha. Unaona na wasio na wakili kabisa wanavyohangaika. Baada ya wiki chache utajua mwenyewe unataka kufanana na nani.

Masijala msiidharau. Hapo ndipo utajua mdaiwa akishapata wito ana siku 21 za kuleta utetezi wake wa maandishi, na ni nini kinatokea asipoleta. Utaona tofauti ya tarehe ya kutajwa na ya kusikilizwa, kwa nini wito unarudi haujapokelewa, na siku hizi mambo yanavyofunguliwa kwenye mfumo wa kielektroniki badala ya kubeba jalada kwapani.

Ukibahatika kupangiwa Mahakama ya Mwanzo hata kwa siku chache, nenda. Kule lugha ni Kiswahili, na mirathi ndiyo shule kubwa. Utaona Fomu Na. 1 ya kuomba usimamizi, utaona ndugu wanavyobishana juu ya muhtasari wa kikao cha ukoo, na utaona wasimamizi wanaopotea baada ya kuteuliwa bila kurudisha Fomu Na. 5 ya orodha ya mali na Na. 6 ya hesabu. Ugomvi mwingi wa familia unaanzia hapo, kwenye fomu mbili ambazo hazikurudishwa.

Ila nikuambie upungufu wake: mahakamani huandai nyaraka za mtu, wala huruhusiwi kumshauri mdaawa, yaani mwenye shauri wa upande wowote. Mtu akikufuata koridoni akuulize "mwanangu, hapa nijibu nini", mwelekeze kwa wanaotoa msaada wa kisheria, uishie hapo. Mahakama haina upande na wewe ukiwa pale huna upande.

---

Nuru_ya_Wanyonge

Naongeza mlango wa nne, maana naona umesahauliwa: watoa msaada wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambulika rasmi, na mashirika yenye mawakili yanapokea wanafunzi. Utasikiliza watu wengi kwa siku kuliko popote. Ukiwa Dar tembelea pia Kituo Jumuishi Temeke, mashauri ya ndoa na mirathi yapo pamoja kuanzia Mahakama ya Mwanzo mpaka Mahakama Kuu, na wadau wengine wako jengo hilo hilo.

---

mtarajiwa_moro

Asanteni sana, shikamoo mzee. Swali langu linalobaki ni wasifu. Nikiandika jina la kampuni kubwa, si ndiyo itanibeba baadaye? Na je, Law School, kule kwenye mafunzo ya uwakili baada ya shahada, wanaangalia fildi ulifanyia wapi?

---

Dawati_Makampuni

Law School unaingia kwa shahada yako ya sheria, siyo kwa jina la ofisi uliyofanyia fildi mwaka wa pili. Na mafunzo ya kule ni ya vitendo, kwa hiyo nafasi ya kujaribu upande mwingine utaipata tena.

Kuhusu wasifu, nimekaa kwenye usaili wa vijana. Anayesema "nilikuwa kampuni fulani" naendelea kumwuliza: ulifanya nini? Wengi huishia "nilijifunza mambo mengi". Mmoja aliyekuwa ofisi ndogo ya mkoani alinieleza shauri la ardhi tangu mteja alipoingia mpaka pingamizi lilipotupwa, na kwa nini lilitupwa. Alijua kwamba Baraza la Kata tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu, haliamui tena, na akaeleza hilo liliathiri vipi hatua za mteja wake. Huyo ndiye tuliyemchukua.

Kwa hiyo naipenda kampuni yangu, lakini kwa ndoto uliyoitaja sikushawishi uje Dar kwa sababu ya jina.

---

wakili_wa_Kanda

Nimesoma yote, naongeza moja ambalo halijaguswa na ni zito popote utakapokwenda: siri.

Sheria ya Ushahidi inalinda mazungumzo ya mteja na wakili wake, na ulinzi huo unawafikia hadi makarani na wakalimani wa wakili. Uadilifu unaotarajiwa kwako ni ule ule. Usipige picha jalada. Usiweke stetasi ya "leo tumeshinda kesi ya fulani". Usisimulie shauri kwenye daladala, mji wa Morogoro ni mdogo na ndugu wa mdaiwa anaweza kuwa kiti cha nyuma. Kama unamfahamu mhusika upande wowote, mwambie wakili siku hiyo hiyo, hata kama ni jirani tu.

La pili ni fedha. Wiki ya pili tu watu wa mtaani wataanza kukuita "wakili" na kukuomba uwaandikie mkataba kwa elfu kumi. Sheria ya Mawakili, Sura 341, hairuhusu mtu asiye na sifa kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo. Vishoka wengi walianza hivyo hivyo, kwa kusaidia jirani. Rasimu zako zote zipitie kwa wakili na zitoke kwa jina lake.

---

MamaShauri

Naunga mkono kila neno la wakili_wa_Kanda. Wanafunzi wawili tofauti nimewahi kuwarudisha chuoni kwa sababu ya simu zao, na iliniuma kwa sababu walikuwa na akili.

---

mtarajiwa_moro

Wakuu, nimeamua. Nitaenda kwa wakili wa hapa Morogoro, na nimemwomba mzee wetu wa mahakamani anipe ushauri wa siku za kwenda kusikiliza mashauri hata yasiyo ya ofisi yetu. Ile ya Dar nimewaandikia kwa heshima kwamba nitaomba tena mwaka wa tatu.

Kesho naonana na wakili kwa mara ya kwanza. Nimwulize nini bila kuonekana namhoji?

---

mzee_masijala

Mashauri huwa wazi kwa umma isipokuwa yale yanayosikilizwa faragha, kama ya watoto. Fika mapema, soma orodha ya mashauri ya siku ubaoni, keti nyuma, simu zima kabisa. Wakili wako akiwa na shauri la kusikilizwa, soma jalada lake jana yake, usisome siku hiyo hiyo koridoni.

---

MamaShauri

Mwulize mambo matatu tu. Moja, ofisi ina shauri gani ambalo litasogea ndani ya muda wako, ili ulifuate mwanzo hadi mwisho. Mbili, rasimu zako nani atazisoma na siku gani. Tatu, akisafiri unaripoti kwa nani.

Nenda na barua ya chuo, fomu ya tathmini na kile kitabu cha kumbukumbu za kila siku, na umwombe akisaini kila Ijumaa. Ukisubiri mwisho wa fildi utamkuta yuko Mahakama ya Rufani na wewe chuo kinakudai ripoti. Kitabuni usiandike majina ya wateja, andika "mdai" na "mdaiwa". Na vaa viatu vya kutembelea, kutoka ofisini hadi Baraza la Ardhi na Nyumba hadi mahakamani, wito wa kupeleka hautakosekana.