Tumeachwa na basi la mwisho: hesabu yangu ya matembezi ya kutwa ilikosea wapi?

KisiginoChangu

Wakuu, habari za humu. Mimi ni mtu wa kiti na kompyuta siku sita kwa juma. Ya saba nimeanza kuutoroka mji: napanda treni ya asubuhi, nashuka mashambani, natembea vilimani kutwa, usiku nalala kitandani kwangu. Nimeshafanya hivyo mara nne. Tatu zilikwenda salama. Ya nne ndiyo iliyonileta hapa.

Njia yenyewe ni kilomita 14. Inaanzia stesheni ya mji mdogo na kupanda taratibu kilomita 11 hadi kwenye mgongo wa kilima, kupanda kote mita 700. Kutoka hapo inaporomoka mita 500 ndani ya kilomita 3 tu, hadi kijiji chenye basi la kukurudisha stesheni. Basi la mwisho ni saa kumi na moja jioni.

Aliyepanga ni mimi. Nikasema, natembea kilomita 5 kwa saa, basi saa tatu tumemaliza, tuseme nne maana tuko watano na mmoja wetu hawezi kupita ua bila kulipiga picha. Tukaanza saa tano asubuhi tukicheka. Juu tukakaa saa moja na robo tukila na kulala kwenye majani. Wakati wa kushuka tukafuata njia ya ng'ombe tukidhani ndiyo yetu, zikatupotea dakika arobaini.

Tuliingia kijijini saa kumi na mbili kasoro robo. Kituoni palikuwa na mbuzi mmoja tu. Mwenye gari la mizigo akatuhurumia, tukarudi stesheni juu ya magunia matupu. Rafiki yangu mmoja tangu siku ile hanijibu kwa maneno, ananitumia dole gumba tu.

Nilikosea wapi? Tafadhali msiniambie niamke mapema, hilo mama ameshaniambia. Na jingine: kwa nini mapaja yaliniuma zaidi kesho yake na keshokutwa kuliko siku yenyewe? Ngazi za nyumbani nilishuka kinyumenyume.

MzeeFilimbi

Pole, mkuu. Kosa lako ni kwamba ulihesabu urefu ukasahau kimo. Kuna kanuni ya mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, ya mwaka 1892, na mpaka leo watu wanaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Safari yako: kilomita 14 ni saa 2 na dakika 48, mita 700 ni saa 1 na dakika 10. Jumla saa 4 kasoro dakika mbili, na hapo Naismith hajakaa chini hata mara moja.

Sasa tuweke daftari sawa. Mlitumia saa 6 na dakika 45. Toa hizo saa nne, toa saa na robo ya majani, toa dakika arobaini za ng'ombe. Zinabaki kama dakika hamsini. Hizo ndizo za kusubiriana, kufunga kamba, kumeza maji, na maua ya huyo mwenzenu. Kundi la watu watano haliendi kwa mwendo wa wastani, linakwenda kwa mwendo wa aliye nyuma, na aliye nyuma ndiye asiyepumzika, kwa sababu kila akiwafikia nyie mnanyanyuka. Mwekeni mbele. Mtashangaa.

Hilo la dakika arobaini lina dawa. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani, kisha ukifika njiani weka simu kwenye hali ya ndegeni. Kinachokuonyesha ulipo kinapokea mawimbi ya setilaiti, hakihitaji mtandao wa simu. Chaji inaliwa sana na simu inayohangaika kutafuta mnara bondeni.

BegiJepesi

Mzee kamaliza hesabu, ila mimi naona kosa lilikuwepo hata kabla ya hesabu. Mliitembea njia kichwa chini miguu juu.

Tazama: mmeanzia stesheni yenye treni nyingi mkamalizia kijijini penye basi moja. Yaani uhakika mmeutumia asubuhi, wakati hamna haraka wala uchovu, mkaiweka bahati nasibu jioni. Igeuzeni. Asubuhi shukeni stesheni, pandeni basi hadi kijijini, halafu tembeeni kurudi kwenye treni. Mkichelewa, mnapanda inayofuata. Mimi siku hizi sianzi kutazama ramani kabla ya kutazama ratiba ya jioni.

Na mguu nao utashukuru. Ule mporomoko wa kilomita 3 mtaupanda mkiwa wapya, kisha mtashuka kilomita 11 za taratibu. Kupanda kote kunakuwa mita 500 badala ya 700. Kwa kanuni ya mzee ni saa 3 na dakika 38.

Paja_la_Kushoto

Nijibie la mapaja, maana jina langu nimelipata hukohuko. Waswahili walishasema mpanda ngazi hushuka, ila hawakusema kushuka kunauma. Ukipanda, msuli wa paja unajikunja ukikusukuma. Ukishuka, unafanya kazi ya breki: unakaza huku unavutwa kurefuka. Kazi hiyo ndiyo inayochanachana nyuzi ndogondogo za msuli, na maumivu yake huja baadaye, yakafika kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Hujaumia, hujazoea tu. Fupisha hatua, piga goti kidogo, usitue kwa kisigino. Fimbo mbili zinasaidia sana. Nilizionea aibu miaka miwili, nikidhani ni za wazee.

(Samahani, MzeeFilimbi.)

MzeeFilimbi

Umesamehewa. Ninazo mbili.

KisiginoChangu

Asanteni. BegiJepesi, umenifanya nijione mjinga, lakini kwa raha. Swali moja: basi la asubuhi kutoka stesheni ni saa mbili na nusu, na linalofuata ni saa sita. Likinikosa, au lisipotokea kabisa?

BegiJepesi

Basi uko stesheni, asubuhi, na treni ziko nyuma yako. Panda ile njia ya kilomita 11 mpaka mahali popote, geuka, rudi. Weka saa ya kugeuka kabla hujaanza, tuseme saa saba mchana, na ikifika mgeuke hata kama kilele mnakiona. Hapo ndipo watu hugombana, kwa hiyo kubalianeni mkiwa bado kwenye treni, kila mtu akiwa na akili zake.

Likitokea: saa tatu mko kijijini. Saa 3 na dakika 38 za Naismith, saa moja ya kula, dakika hamsini za maua na kamba. Saa nane na nusu mko stesheni. Hata ng'ombe wakiwapoteza tena, saa tisa na dakika kumi.

Ukungu_Mweupe

Naongeza jambo moja kwa sababu hizi safari za karibu na mji zina udanganyifu wake. Ukiwa juu unaona maghorofa, simu inasoma mtandao, unajiona uko uani kwenu. Table Mountain pale Cape Town haifiki hata mita 1,100 na mji uko miguuni pake, lakini upepo wa kusini-mashariki ukishika, wingu hulala juu ya mlima kama kitambaa cha meza na njia haionekani. Watu hupanda na fulana na chupa moja ya maji kwa kuwa teksi iliwashusha chini tu hapo. Kwa wastani joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na upepo kwenye fulana yenye jasho unaongeza yake. Beba koti la mvua hata kukiwa kweupe. Na tochi ya kichwani, mkuu. Nyie mliingia kijijini saa kumi na mbili kasoro robo, hebu fikirieni dakika arobaini zaidi.

MzeeFilimbi

Kweli. Nyoosha mkono, kunja ngumi, pima kutoka upeo wa macho hadi kwenye jua. Ngumi moja ni kama nyuzi 10, na jua huenda nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo karibu na ikweta, linakoshuka wima, ngumi ni dakika arobaini. Mkiwa bondeni kilima kitawanyima hata hizo. Baada ya hapo giza halichelewi. Na kama mnajiuliza hili jina langu: filimbi ya kuomba msaada ni mipulizo sita ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika, unarudia. Anayekusikia hujibu kwa mitatu. Haina uzito na haiishi chaji.

Mwambie pia mtu aliyebaki nyumbani mnapita wapi na mnarudi saa ngapi. Mama yako anafaa, inaonekana anafuatilia.

KisiginoChangu

Mama amekubali cheo. Nimewaandikia wenzangu: Jumapili ijayo, njia ileile, kinyume. Dole Gumba amejibu kwa maneno kwa mara ya kwanza: "Nani kapanga?"

Nimemwambia ni BegiJepesi. Anakuja.