Ukoo wa Babu: orodha ya Jumamosi

Agosti 2021

Da Rehema, 7:02 mchana
Nakumbusha TENA. Chanjo ya korona ni Jumamosi, twende pamoja, halafu ndiyo tukamwone Babu. Mtu asiyechanjwa asiniambie anaingia chumbani kwa mzee. Jina lako hapa chini:
1. Rehema
2.

Da Rehema, 7:40 mchana
Mmesoma watu 19. Namba 2 bado iko wazi.

Hamisi, 7:51 mchana
Mimi niliumwa Februari, nikapona. Kinga ya asili ninayo. Tukiachwa tuugue, wazima tupone, ugonjwa utakosa pa kwenda. Ndiyo hiyo kinga ya kundi.

Salma, 7:52 mchana
Kundi? Kwani sisi mbuzi 😂

Mjomba Seif, 7:55 mchana
Salma mbuzi wa mbele, mwenye kengele 🔔

Salma, 7:55 mchana
🐐🐐🐐

Da Rehema, 7:58 mchana
Jamani! Tatu, wewe ndiye nesi, sema neno.

Hamisi, 8:03 mchana
Orodha zako tunazijua Da Rehema. Ya lile basi tulijiandikisha 22, tukabaki barabarani 9 na mizigo.

Da Rehema, 8:04 mchana
Basi tena! Miaka minne Hamisi!

Hamisi, 8:04 mchana
Mvua ilininyeshea mimi, si wewe.

Mjomba Seif, 8:06 mchana
Na begi langu mpaka leo sijaliona. Ila tusirudi huko.

Tatu, 10:31 jioni
Nilikuwa zamu. Hamisi, aliyepona ana kinga, hilo sikubishii. Ila inapungua, na ukichanjwa juu yake inakuwa imara zaidi.
Hesabu yenyewe ni hivi. Kile kirusi cha mwanzo, mgonjwa mmoja aliambukiza watu kama watatu. Wawili kati yao wakiwa na kinga, anabaki mmoja, ugonjwa hauongezeki. Lakini Delta, kirusi cha korona kilichobadilika, inaambukiza zaidi, kwa hiyo wenye kinga lazima wawe wengi zaidi. Surua mmoja huambukiza 12 mpaka 18, ndiyo maana tunataka watoto 95 kati ya 100 wachanjwe.

Hamisi, 10:36 jioni
Si ndiyo nasema, wakiugua wengi tunafika.

Tatu, 10:44 jioni
Manaus, Brazil, walifika. Watafiti walikadiria watu 76 kati ya 100 walishaambukizwa hadi Oktoba 2020. Januari wimbi likarudi, hospitali zikaishiwa oksijeni. Ndugu wa wagonjwa wakipanga foleni na mitungi mabegani.

Hamisi, 10:46 jioni
Waliochanjwa nao wanaugua.

Tatu, 10:47 jioni
Wanaugua. Kulazwa na kufa ndiko kunakopungua, tena sana. Niandikeni namba 2, narudi wodini.

Salma, 10:50 jioni
Wanadunga mkono gani? Mimi nalalia kushoto.

Da Rehema, 10:51 jioni
Salma, jina au kaa kimya.

Idi, 11:20 jioni
Ndio naingia. Ujumbe 64! Kuna nini, nani kafa?

Mwajuma, 1:15 usiku
Niko na Babu. Nimemsomea yote, hata ya mbuzi. Kaniambia niandike kama anavyosema:
"Hamisi mjukuu wangu. Ndui ilipoingia kwetu nilikuwa na miaka sita. Tulikuwa watoto watano tunalala chumba kimoja. Hiyo kinga unayoisema tuliipata wawili, mimi na bibi yenu Mwanaisha. Wale watatu hata majina yao hamyajui. Haya mashimo usoni kwangu, Salma alipokuwa mdogo alikuwa anayatia kidole akiyahesabu. Chanjo ilikuja baadaye. Rehema naye aache kupiga kelele."

Hamisi, 1:48 usiku
Shikamoo Babu.

Mwajuma, 1:49 usiku
Anasema marahaba. Anasubiri jibu, hajavua miwani.

Salma, 1:53 usiku
Niandike 3. Mkono wowote.

Mjomba Seif, 2:10 usiku
4, kama magoti yataniruhusu.

Da Rehema, 2:12 usiku
Asante Babu, nimesikia 🙏 Wengine 23?

Idi, 2:30 usiku
Jumamosi hii au ijayo?

Hamisi, 3:05 usiku
Sijakataa. Weka 5, kwa penseli. Ila kwanza niambie, tunaenda na gari la nani?

Da Rehema, 3:06 usiku
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Hamisi, 3:06 usiku
Nimeshausoma.