Mrejesho: mafunzo ya waelimishaji rika chuoni

Habari zenu. Niliwauliza nifanyeje ili wanafunzi ninaowaandaa kuwa waelimishaji rika wa afya ya uzazi na VVU wasiishie kukariri vipeperushi. Wengi mlisema punguza mihadhara, ongeza maigizo. Nimefuata, nashukuru sana.

Muda mwingi tumeutumia kwenye zoezi moja. Mmoja anaigiza msichana ambaye kondomu ilipasuka juzi usiku, mwenzake anamsikiliza. Mwanzoni kila msikilizaji alikimbilia "kwa nini hamkupima kwanza?" na mazungumzo yakafa hapo hapo. Tukarudia mpaka swali la kwanza likawa "ilitokea lini?" Hilo ndilo lenye uzito, maana PEP, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo mwisho ni siku 5, na kadiri unavyochelewa ndivyo nguvu inavyopungua.

Aliyeshauri tuandike mipaka ya usiri, Mungu akubariki. Mwelimishaji hatoi siri ya mtu, ila humwambia tangu mwanzo kwamba akiona uhai uko hatarini atamshirikisha mshauri wa chuo. Naona hili ndilo lililowatuliza vijana wangu: wamejua wao si madaktari, wanasikiliza, wanatoa taarifa sahihi na kumsindikiza mwenzao kliniki.

Wavulana bado wanakuja wachache. Mwenye uzoefu wa kuwafikia anieleze, tafadhali.