Boti ya faiba ya marehemu mzee imeoza mbao za ndani, naweza kuitengeneza mwenyewe nyumbani?

Mtoto_wa_Sahare

Wakuu habari zenu. Nipo Tanga. Nina boti ya faiba futi 18 aliyotuachia mzee, alikuwa anavulia nguru na kolekole huko nje ya Yambe. Alifariki 2019 na tangu hapo boti imekaa uani chini ya mkungu, turubai lilichanika mwaka wa pili tu, kwa hiyo kila masika inajaa maji tunayachota na ndoo. Mwaka huu nimeamua irudi majini.

Shida ndiyo hii. Nikipanda ndani sakafu inanepa kama godoro. Kule nyuma, ule ubao mnene inapofungwa injini (ni ya nguvu farasi 40, tu-stroki), nikishika mguu wa injini nikauinua na kuushusha naona ubao wote unacheza, na kuna ufa umetoka kwenye kona ya kulia. Nimegonga boti nzima na mpini wa nyundo, mbele inalia ko ko, katikati na nyuma inalia bu bu. Nikatoboa na drili kwa ndani, yakatoka maji meusi na unga wa mbao umelowa kama machicha, harufu mbaya kweli.

Kuna fundi kaja kaangalia kasema tutoboe matundu mengi, tumwage rezini, ile gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu, ijae ndani, halafu juu mati mbili za nyuzi za faiba na rangi, siku mbili kazi imeisha, anataka laki sita. Jirani yeye ananiambia nitoe injini niuze, boti niitupe. Sitaki kuitupa wakuu, hiyo boti ndiyo iliyotusomesha mimi na dada zangu. Hiyo ya kumwaga rezini inasaidia? Na kama ni kubomoa, naweza kufanya mwenyewe nikiwa na grenda na drili, mimi ni fundi umeme si wa boti? Mbao niweke ya mvule au plaiwudi?

Mlango_wa_Mtwapa

Pole sana ndugu kwa mzee, Mungu amlaze pema.

Hiyo ya kumwaga rezini usikubali. Mbao iliyolowa hainywi rezini, rezini itaingia pale penye uwazi tu na maji yatabaki yamefungiwa ndani yanaendelea kuozesha. Nasema nikiwa na uchungu kwa sababu mimi nililipia kazi kama hiyo, na mwezi wa nane baada ya kulipa nikiwa nje na watu wanne transomu, yaani huo ubao wa nyuma unaobeba injini, ikafunguka, injini ikabaki inaning'inia kwa nyaya na paipu ya mafuta. Tuliivuta ndani kwa mikono tukapiga makasia. Usiweke roho za watu juu ya kazi ya siku mbili.

Halafu ujue kitu kimoja ambacho wengi wanakikosea, kilichoozesha boti yako si bahari, ni mvua. Kuvu wa kuozesha mbao hawapendi chumvi, wanapenda maji yasiyo na chumvi yaliyotuama na joto, kwa hiyo boti iliyokaa uani wazi miaka mitano inaweza kuoza kuliko ile inayokwenda baharini kila siku. Maji yanaingilia kwenye matundu ya skrubu na bolti ambazo mtu alifunga bila kuziba, yanashuka kwenye mbao hayana pa kutokea. Faiba yenyewe haiozi, ukiikuta bodi ya nje, yaani lile ganda la boti, haina ufa mkubwa basi boti yako ni nzima, kinachotaka kubadilishwa ni mifupa yake.

Kuhusu kufanya mwenyewe, ndiyo unaweza, mimi ya pili nilifanya uani kwangu na kijana mmoja. Ila kabla hujawasha grenda fanya hivi maana ukikosea hapa hakuna kurudi. Boti ikae kwenye kitanda cha mbao kilichofuata umbo la tumbo lake, weka vipande vya zulia kuu kuu, sehemu nyingi, si matairi mawili matatu. Stringa, zile mbao mbili ndefu za chini ya sakafu zinazotoka mbele mpaka nyuma, ndizo zinazoshika umbo la bodi, ukizitoa boti imekaa vibaya tumbo linabonyea, ukija kuweka mpya unakuwa umeifungia kombo maisha yake yote. Vuta uzi kutoka omo mpaka nyuma katikati, pima kila kitu andika, piga picha. Pima urefu wa transomu kutoka juu mpaka chini, injini ya mguu mrefu inataka kama inchi 20 na ya mguu mfupi 15, usije ukajenga ikawa tofauti na mguu wa injini yako. Na usitoe stringa zote mbili kwa pamoja, toa moja, weka mpya, ikauke, ndiyo uende upande wa pili.

Sakafu kata ukiacha ukingo wa kama inchi mbili kuzunguka ubavuni, utakuja kuuhitaji kulaza sakafu mpya. Chini utakuta povu la kuelea. Lile likishalowa halikauki hata ulianike mwaka mzima, toa lote.

Rezini_na_Mati

Nakazia alichosema mkuu hapo juu. Mimi niko Dar nafanya faiba, matangi na boti, naongezea upande wa vifaa.

Rezini ziko aina mbili, poliesta au epoksi? Epoksi inashika vizuri zaidi juu ya faiba ya zamani na juu ya mbao, hilo halina ubishi, ila bei yake utalia. Poliesta inatosha kabisa kama maandalizi ni ya kweli, boti yenyewe ilijengwa kwa poliesta. Ila ukianza na epoksi usirudi kupaka poliesta juu yake, haishiki vizuri. Na ile mati ya nyuzi fupi fupi nyingi ina gundi ambayo inayeyushwa na poliesta tu, ukiipaka epoksi inabaki ngumu haitaki kulala kwenye kona, kwa hiyo ukichagua epoksi tumia kitambaa cha kufumwa.

Hesabu ya poliesta, mati ya gramu 450 mita moja ya mraba inakula rezini kama kilo moja. Rovingi, yaani kitambaa cha nyuzi nene zilizofumwa, ya gramu 600 inakula pungufu ya hapo. Hadina, ile dawa ya kugandisha rezini, ni asilimia moja mpaka mbili, yaani kilo moja ya rezini gramu 10 hadi 20, na kwa joto la Tanga wakati wa kaskazi baki chini karibu na moja, changanya kidogo kidogo nusu kilo nusu kilo, ukichanganya ndoo nzima itachemka itoe moshi mkononi mwako kabla hujapaka robo. Fanya asubuhi umande ukishakauka, au jioni mapema. Siku ya mvua acha.

Usalama sasa, na hapa naomba unisikilize maana nina rafiki amepoteza jicho. Hadina ikiruka jichoni ni hatari kubwa, vaa miwani kila unapoimimina. Na kama umeuziwa rezini ambayo haijatiwa kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda), hadina na kobalti zisikutane zenyewe hata tone, zinalipuka, kobalti inakorogwa kwanza kwenye rezini mpaka ipotee ndiyo hadina ifuate. Vumbi la faiba usilivute, barakoa ya kitambaa haisaidii kitu, tafuta ile yenye vichujio, na watoto wasicheze uani siku unasaga.

Kilwa_Kivinje77

Kwani ukikata bati nene la aluminiamu, moja ndani moja nje, ukalibana na bolti nane si inatosha? Mimi nimeona boti nyingi ziko hivyo na zinafanya kazi

Mlango_wa_Mtwapa

@Kilwa ndugu yangu zipo ndiyo, lakini katikati ya bati na bati kuna mbao laini kama keki, ukikaza bolti inabonyea, ukikaza tena inabonyea tena, na kila bolti ni tundu jipya la maji. Bati zuri ni lile linalowekwa juu ya transomu ambayo mbao yake haijaoza.

Mie_wa_Nungwi

Assalaam alaykum. Mie nimekulia kwenye majahazi, babu na baba mafundi, faiba nimeingia ukubwani kwa sababu ya boti za watalii. Nataka kumjibu kijana kwenye suala la mbao kwa sababu naona limerukwa.

Mvule ni mbao ya heshima kwa jahazi. Jahazi mbao yake inatakiwa ivimbe, ndio kalafati, ile pamba ya kuziba mianya, ibane. Ndani ya faiba ni kinyume chake, mbao ikivimba inapasua faiba kwa ndani, na mbao ya mvule ama msaji ina mafuta yake, rezini haiishiki sawasawa. Kwa hivo transomu ni plaiwudi, vipande viwili vya milimita 18 vilivobandikwa pamoja, ukiongeza faiba unafika kwenye milimita 38 hadi 40 hivi, ndio unene zinaotaka injini nyingi za saizi yako. Stringa unaweza kutumia plaiwudi vile vile ama mbao nyepesi kavu isiyo na vifundo.

Lakini plaiwudi gani? Hapa ndipo watu wanapoibiwa bila ya mwizi. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukiomba marini bodi watakupa ile yenye ngozi nyeusi ama ya kahawia inayong'ara, ile ya kumwagia zege. Ile si ya boti. Ngozi ile rezini haishiki, na katikati mara nyingi ina mapengo, maji yakipata pengo yanatembea ubao mzima. Kata kipande, tazama ubavuni kama tabaka zimejaa, kisha kichemshe kwenye sufuria saa kadhaa, kikifunguka usikinunue. Ukipata iliyopigwa chapa BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya boti, nunua hata kama ni ghali.

Na kitu chengine, stringa usiikandamize mbao ikagusa bodi. Iache milimita chache, uwazi huo ujaze na ujiuji wa rezini uliotiwa poda, kisha pembeni ufanye kona ya mviringo kwa mgongo wa kijiko. Mbao ikigusa bodi mkavu kwa mkavu, pale wimbi linapopiga ndipo bodi inapokatikia. Na faiba haipendi kukunjwa kona kali, inaacha hewa chini.

Mtoto_wa_Sahare

Wakuu nimesoma mara tatu yote, asanteni sana, kiukweli sikutegemea. Nimerudi na majibu baada ya wiki tatu.

Yule fundi nilimwambia hapana. Nimetengeneza kitanda, mbao tano za kukingama, shemeji yangu seremala kazichonga kwa kufuata tumbo la boti kwa boksi la karatasi tulilokata kama patani. Sakafu imetoka. Povu lililotoka ni viroba saba, kiroba kimoja hunyanyui peke yako, sasa ndiyo naelewa kwa nini mwishoni mzee alikuwa analalamika injini inakula mafuta na boti haipandi juu ya maji, alifungua kabureta mara ngapi sijui, kumbe alikuwa anabeba maji sakafuni miaka yote hiyo. Iliniuma sana.

Stringa ya kushoto yote ni tope, nimeitoa kwa mkono na patasi. Ya kulia nusu ya mbele ni ngumu kabisa, kavu. Sababu ya kuoza nimeiona, kuna skrubu nne za kiti cha nahodha zimeingia moja kwa moja kwenye stringa ya kushoto, hazina silikoni wala chochote. Transomu nimeifungua kwa ndani, bodi ya nje nimeiacha, ubao ulitoka vipande vipande isipokuwa kona moja ya juu ambayo nililazimika kuichonga siku nzima.

Maswali yangu sasa, ile nusu nzima ya stringa ya kulia niiache niunge? Na kubana transomu mpya wakati gundi inakauka nitumie nini, klampu zangu hazifiki chini.

Rezini_na_Mati

Kazi safi sana mkuu, umeniamsha hata mimi.

Kubana, tumia matundu yale yale ya zamani ya bolti za injini. Weka ubao mnene kwa nje umeuvisha nailoni usigande, na mwingine ndani, pitisha bolti ndefu kaza taratibu mpaka ujiuji utoke pembeni pande zote, ukiona upande hautoki ujue kuna hewa. Usikaze kwa nguvu mpaka ukakamua gundi yote ikaisha. Kabla ya hapo paka plaiwudi rezini pande zote na hasa ubavuni, ubavu ndio mdomo wa plaiwudi. Faiba ya zamani isage mpaka mng'ao wake upotee iwe na rangi moja ya kufifia, futa na asetoni, na pale unapounga kipande cha bodi chonga mteremko mara 12 ya unene, yaani kama bodi ni milimita 5 mteremko uwe sentimita 6. Watu wengi wanachonga sentimita moja halafu wanashangaa kiraka kinabanduka.

Mie_wa_Nungwi

Ile nusu nzima itoboe kila shubiri kwa drili ya ncha nyembamba, tazama unga unaotoka. Ukiwa mweupe mkavu mpaka mwisho iache, uiunge kwa mteremko mrefu, si kichwa kwa kichwa. Ukikutana na unga mweusi hata tundu moja, rudi nyuma shubiri mbili ukate hapo.

Na tundu za kupitishia maji ya ngama (yanayotuama tumboni mwa boti) chini ya stringa usisahau, lakini toboa kubwa kuliko unavyotaka, jaza ujiuji wa rezini, ukikauka toboa tena katikati yake. Fanya vivo hivo kwa kila bolti ya injini na kila skrubu ya kiti. Maji yakipita yasiione mbao.

Mtoto_wa_Sahare

Shukrani mzee wangu. Nimetoboa leo jioni, matundu kumi na moja, tisa ya mbele yametoa unga mweupe, mawili ya mwisho mweusi. Kesho nakata pale pa tundu la nane. Plaiwudi nimeagiza Dar, kipande cha kuchemsha kimekaa jikoni kwa mama tangu saa nane na bado hakijafunguka.