Aliyemaliza matibabu ya pombe au heroini: tumfuatilie hadi lini?

Mshauri_Jinja
Habari zenu. Fomu yetu ya ufuatiliaji inaishia miezi 6 na ina swali moja tu: "Amerudia?" Nataka kuipanga upya. Miaka ikipita, waliotibiwa uraibu huwa wanakufa kwa nini hasa?

Nesi_Mbale
Wa heroini usimngojee mwezi uishe. Wiki 4 za kwanza baada ya kutoka ndizo mbaya zaidi: mwili umeshapoteza uzoevu, naye akirudia anachukua kipimo kile kile cha zamani. Pumzi inakatika. Mpigie simu wiki hiyo hiyo ya kwanza. Bora zaidi, aunganishwe na kliniki ya methadoni (dawa mbadala ya heroini) ya hospitali ya Butabika, Kampala, kabla hajatoka, maana anayebaki kwenye methadoni ana nafasi kubwa ya kuishi kuliko aliyesafishwa mwili akaachwa hivyo.

Takwimu_Afya
Fomu yako inamkosa muuaji mkubwa: tumbaku. Mayo Clinic ya Marekani iliwafuatilia watu 845 waliolazwa kwa uraibu, ikachapisha matokeo mwaka 1996. 222 walikuwa wamefariki. Katika vifo 214 vilivyopatikana vyeti, 109 vilitokana na tumbaku, 73 na pombe. Mtu ameshinda pombe kali ya waragi, moyo au mapafu yanamuua, na vituoni bado tunamwachia sigara eti imtulize! Inauma.

Uliza anavuta ngapi kwa siku, na ya kwanza anaiwasha dakika ngapi baada ya kuamka; chini ya 30, utegemezi ni mkubwa. Uliza na kuber, tumbaku isiyo ya moshi inayowekwa mdomoni, ambayo sheria ya Uganda ya 2015 iliipiga marufuku.

Mshauri_Jinja
Wenzangu wanahofu akiacha vyote pamoja atarudia pombe.

Takwimu_Afya
Majaribio hayaungi mkono hofu hiyo. Anayevuta zaidi ya 10 kwa siku aanze na bandiko la nikotini la miligramu 21, abadilishe kila asubuhi.

Kliniki_Gulu
Ongezeni ini. Pima hepataitisi B. Asiye nayo achanjwe dozi 3: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Panado isizidi gramu 2 kwa siku. Macho ya manjano, tumbo kujaa maji au kutapika damu: hospitali siku hiyo hiyo.

Na familia ionywe: aliyerudia kunywa sana asikatizwe ghafla nyumbani. Degedege huja kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho. Akifikishwa hospitali, thiamini (vitamini B1) itangulie dripu ya glukosi. Glukosi ikitangulia, humaliza thiamini kidogo iliyobaki, na ubongo ndio unaoumia.