MREJESHO: Mwanangu wa miezi 20 na bwawa la pamoja

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama ni haki msimamizi wa bwawa letu la pamoja kunikatalia kumwingiza mwanangu akiwa na nepi ya kawaida. Wengi mlisema yuko sahihi, nikanuna. Basi nikaijaribu kwenye beseni nyumbani: dakika chache tu imevimba kama mto, vipande vya jeli vinaelea kila mahali. Nikanunua ya kuogelea. Hata hiyo haizuii mkojo wala vijidudu, kwa hiyo kila saa tunatoka kumkagua, na kubadilisha ni chooni, si ukingoni. Akiharisha hatuingii kabisa, maana kriptosporidiamu (kijidudu kinacholeta kuhara) huishi siku kadhaa hata kwenye maji yenye klorini. (Nami nilidhani klorini inaua kila kitu papo hapo!)

Lile sharti lingine la bwawa, la kuwa karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono ndilo nililoliona usumbufu. Jumamosi akateleza kwenye ngazi. Hakulia, hakupiga maji, alizama kimyakimya. Nilimdaka kwapani. Simu sasa inabaki kwenye begi. Kuhusu kumvalisha maboya ya mikononi, bado nabishana na mama yake.